Kukosa sio kulaaniwa: mazungumzo juu ya baraka za Mungu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Asifiwe tena. Asanteni sana kwa kunipa nafasi hii, baba mchungaji, wazee wa kanisa, kina mama, vijana mliojaa kule nyuma, na wale wanaosikiliza laivu kwenye simu, wote nawasalimu.

Mada niliyopewa ni baraka za Mungu. Naenda moja kwa moja kwenye swali ambalo wengi tunalo moyoni ila hatulisemi kwa sauti: kama mimi nimeokoka, naomba, nafunga, natoa, mbona mambo hayaendi? Na yule pale hata kanisani haonekani lakini kila anachoshika kinakubali, sasa aliyebarikiwa ni nani kati yetu? Hili swali usilionee aibu maana liko ndani ya Biblia, Zaburi ya 73 yote ni hilo swali. Asafu alikuwa kiongozi wa sifa kabisa, mtu wa hekaluni, lakini anasema, "niliwaonea wivu wenye kujivuna, nilipoiona hali ya amani ya wasio haki." Akafika mahali akaona amejisafisha moyo wake bure. Yaani kiongozi wa kwaya anasema hivyo, na Mungu akaacha maneno yake yabaki kwenye kitabu cha sala.

Shida yetu iko hivi. Tumeigeuza baraka ikawa kipimo cha mtu. Mtu akipata gari, nyumba, visa, mchumba, tunasema amebarikiwa, na ni kweli anatakiwa ashukuru na hata akiposti picha akaandika "Mungu amenibariki" sina neno naye, ashukuru tu. Mimi nawafikiria zaidi wale wanaoisoma ile posti. Kuna dada anaisoma akiwa kwenye ndoa mwaka wa kumi na hana mtoto, kuna kijana anaisoma akiwa ametuma maombi ya kazi mpaka amechoka, kuna mzazi anaisoma akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali. Kama yule aliyepata amebarikiwa kwa sababu amepata, basi hawa ambao hawajapata ni nini? Hatumalizii hiyo sentensi lakini wao wanaimalizia wenyewe, usiku, wakiwa peke yao, na jibu wanalolipata ni kwamba Mungu amewaacha au kuna laana mahali. Leo nataka tuongee na hao.

Tuanze na Ibrahimu maana ukitaja baraka lazima umtaje. Mwanzo 12, Mungu anamwambia, "nami nitakufanya wewe kuwa taifa kubwa, na kukubariki, na kulikuza jina lako, nawe uwe baraka." Tunaipenda sana hii, tunaiimba, tunajitabiria. Sasa hebu tumfuate huyu mtu aliyebarikiwa tuone maisha yake yalikuwaje. Anaitwa akiwa na miaka 75. Isaka anazaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100. Hapo katikati ni miaka 25 ya mtu aliyebarikiwa na Mungu kwa mdomo wake Mungu mwenyewe, na hana mtoto wa ahadi. Miaka 25 Sara anaamka, analala, hana mtoto. Njaa ikaja kwenye hiyo hiyo nchi ya ahadi ikabidi washuke Misri. Alikuwa na mali ndio, mifugo, fedha na dhahabu, Biblia haifichi, lakini kile hasa alichoahidiwa kilikuwa kinakaa mbali naye.

Alafu nenda Mwanzo 23, sura ambayo watu wanairuka. Sara amefariki. Ibrahimu ameahidiwa nchi nzima, na siku mke wake anakufa hana hata pa kumzika! Anasimama mbele ya wana wa Hethi anasema mimi ni mgeni na msafiri kwenu, niuzieni mahali pa kaburi, na anamlipa Efroni shekeli 400 za fedha kwa ajili ya shamba na pango la Makpela. Baba wa baraka zote, kipande cha nchi alichokimiliki kwa kununua ni kaburi la mke wake. Sasa kama angekuwa anaishi kwenye mtaa wetu tungesema nini juu yake? Wengine tungemwambia baba Isaka, kuna mahali hujakaa sawa na Mungu. Lakini Waebrania 11 inasema watu hawa wote "wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali na kuzishangilia." Walikufa hawajapokea na bado wamehesabiwa ni waliobarikiwa.

Kwa hiyo kumbe baraka yenyewe ni nini? Kwangu mimi jibu liko Hesabu 6. Mungu anampa Musa maneno ya kumpa Haruni na wanawe ili wawabariki Israeli, yaani Mungu hakuwaacha makuhani watunge wenyewe, aliwaandikia. "Bwana akubarikie, na kukulinda, Bwana akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili, Bwana akuinulie uso wake, na kukupa amani." Hebu hesabu ni mara ngapi anataja kitu. Shamba halimo, ng'ombe hawamo, watoto hawamo, na hawa ni watu waliokuwa jangwani wanahitaji kila kitu! Kinachotajwa ni uso wake, mara mbili. Kulindwa na yeye, fadhili zake, amani yake. Na mstari wa 27 ndio unafunga kila kitu, "ndivyo watakavyoweka jina langu juu ya wana wa Israeli, nami nitawabarikia." Baraka ni Mungu kukugeuzia uso wake na kukuwekea jina lake, yeye mwenyewe kuwa upande wako na kukaa na wewe. Vingine vyote vinavyokuja vinatoka hapo. Ni kama mtoto ambaye mzazi wake amerudi safari ndefu, kuna anayekimbilia begi kuangalia ameletewa nini na kuna anayemrukia baba shingoni, wote wawili watapewa zawadi ila ni mmoja tu aliyeelewa nani kafika.

Na watu wa zamani waliyathamini haya maneno kwa namna ambayo inanigusa sana. Mwaka 1979 mtaalamu wa mambo ya kale Gabriel Barkay alikuwa anachimba makaburi ya zamani mahali panaitwa Ketef Hinnom, Yerusalemu, wakakuta vibati viwili vyembamba vidogo sana vya madini ya fedha vimekunjwa kama sigara, ilichukua muda mrefu kuvifungua maana vingevunjika. Vilipofunguliwa ndani yake kulikuwa na maneno ya hii hii baraka ya Haruni, yamechongwa kwa herufi ndogo. Vinakadiriwa kuwa vya mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 6 kabla ya Kristo, ndiyo maandishi ya zamani kuliko yote tuliyonayo yenye maneno ya Biblia, yanazidi umri hata yale magombo ya Biblia yaliyokutwa mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi kwa karne kadhaa. Na yamekutwa kaburini! Kuna mtu alizikwa nayo. Mali haendi nayo mtu lakini huyu walimzika na maneno kwamba Bwana amwangazie uso wake, waliamini kabisa kwamba uso wa Mungu unafika hata pale.

Sasa najua kuna mtu anasema moyoni, mtumishi, na Kumbukumbu la Torati 28 je? Pale imeandikwa wazi utabarikiwa mjini, utabarikiwa shambani, utakuwa kichwa wala sio mkia, na usipotii kuna laana ndefu, magonjwa, njaa, kushindwa vitani. Nataka tukae hapa kidogo maana hapa ndipo watu wengi wamefungwa. Yale maneno ni ya agano, Mungu na taifa zima la Israeli, wakiwa wanakaribia kuingia Kanaani, ndio maana sura ya 27 inataja mlima Gerizimu wa baraka na mlima Ebali wa laana, makabila sita huku na sita kule. Ni mkataba wa taifa na nchi yao, na laana ya mwisho kabisa ni kuhamishwa kwenye hiyo nchi, kitu ambacho kilikuja kutokea kweli. Sio fomu ya kumpimia mama mmoja mmoja aliyefiwa na watoto.

Na la muhimu zaidi, hatuwezi kuisoma hiyo sura kana kwamba Wagalatia 3 haijaandikwa. Paulo anasema, "Kristo alitukomboa katika laana ya torati, kwa kuwa alifanywa laana kwa ajili yetu, maana imeandikwa, Amelaaniwa kila mtu aangikwaye juu ya mti." Wapendwa, sikilizeni hapa tafadhali. Hakusema Kristo alitupunguzia laana. Hakusema alitufundisha namna ya kuikwepa. Alifanywa laana yeye. Ile orodha yote ndefu ya Kumbukumbu 28 ilimwangukia mtu mmoja asiye na hatia, nje ya mji, Ijumaa mchana. Na mstari wa 14 unaendelea, ni "ili kwamba baraka ya Ibrahimu iwafikilie Mataifa katika Yesu Kristo, tupate kupokea ahadi ya Roho kwa njia ya imani." Umeona hiyo baraka ya Ibrahimu imeishia wapi? Kwa Roho Mtakatifu, Mungu mwenyewe kukaa ndani ya mtu. Tumerudi kule kule kwa uso wake.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, mama yangu, kama uko ndani ya Kristo huwezi kuwa chini ya laana ya Mungu. Unaweza kuwa mgonjwa. Unaweza kuwa huna hela kabisa. Unaweza kuwa umefiwa, umeachwa, umefukuzwa kazi. Lakini umelaaniwa? Hapana. Na mtu akija akakwambia kwamba hali yako ni laana na akakuwekea na kiwango cha kulipa ili aivunje, huyo anakuuzia kitu ambacho Kristo alishakilipia kwa damu, na Petro alimjibu nini Simoni kule Samaria, Matendo 8, alipoleta fedha ili apewe uwezo wa kuwapa watu Roho? "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Ni maneno makali, na Petro aliyasema kwa mtu aliyekuwa ameshabatizwa.

Rafiki zake Ayubu walikuwa na hiyo hiyo theolojia, mtu akipata shida basi kuna kitu amefanya, tubu yakae sawa. Waliongea vizuri sana, mashairi mazuri, na mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu inawaka juu yako na rafiki zako wawili kwa kuwa hamkunena yaliyo sawa juu yangu. Wanafunzi nao walimuuliza Yesu juu ya yule aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akasema, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Na angalia timu ya Paulo, mtume ambaye hata leso zilizogusa mwili wake ziliponya watu pale Efeso. Timotheo tumbo lilikuwa linamsumbua na ana magonjwa ya mara kwa mara. Epafrodito aliugua karibu kufa. Trofimo Paulo anaandika kabisa, nilimwacha Mileto ni mgonjwa. Anaandika bila kuona aibu, hatafuti sababu, hamlaumu Trofimo kwa imani ndogo.

Hili jambo viongozi wetu wa Afrika walishalisema pia. Mwaka 2008 na 2009 wanateolojia wa Kiafrika walio chini ya harakati ya Lausanne, yaani mtandao wa kimataifa wa Wakristo wa kiinjili, walikutana Akropong, Ghana, wakatoa tamko kuhusu injili ya mafanikio. Hawakukana miujiza wala hawakusema Mungu hajali mahitaji yetu, tena walikiri kwamba Mungu anabariki, lakini walikataa kabisa wazo kwamba mali siku zote ni dalili ya baraka au kwamba umaskini, ugonjwa au kufa mapema siku zote ni dalili ya laana au imani haba. Natamani lile tamko lisomwe kwenye kila ibada ya nyumba kwa nyumba.

Nikitaja Malaki 3 kwa kifupi tu. Leteni zaka kamili ghalani, nijaribuni, nitawafungulia madirisha ya mbinguni. Mimi natoa zaka na nawahimiza mtoe. Ila someni na mstari wa 5 wa sura hiyo hiyo, Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu yao wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, wamwoneao mjane na yatima. Na Kumbukumbu 14 inasema zaka ya mwaka wa tatu ilikuwa ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba. Kwa hiyo ghala la Malaki lilikuwa na chakula ili watu wale. Mtu anayechelewesha makusudi mshahara wa dada wa kazi alafu anapeleka zaka kubwa akingoja madirisha yafunguke, arudi mstari wa 5 kwanza.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba vitu sio baraka. Mungu alipoumba, baraka ya kwanza kabisa kwenye Biblia aliwapa samaki na ndege, Mwanzo 1:22, zaeni mkaongezeke, na siku iliyofuata akawabariki wanadamu. Mwili, uzao, chakula, kazi ya mikono, mvua, usingizi, vyote ni mkono wake. Ukipata kazi leo piga magoti umshukuru, ukipona shangilia, usijifanye wa kiroho sana ukavidharau. Mithali 10:22, "Baraka ya Bwana hutajirisha, wala hachanganyi huzuni nayo," ni neno lake nalo tunalipokea. Tatizo ni kuvisoma kama cheti. Yesu alisema Baba "huwaangazia jua lake waovu na wema, huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki," kwa hiyo ukiangalia shamba limenyeshewa huwezi kujua mwenye shamba amekaaje na Mungu. Mvua inakwambia tabia ya Mungu tu, kwamba ni mkarimu hata kwa anayemtukana.

Asafu jibu lake alilipata wapi? Anasema alipoingia patakatifu pa Mungu. Hali yake haikubadilika, hatuambiwi wale matajiri walifilisika wala yeye alipata chochote, lakini mwisho anasema "kumkaribia Mungu ni kwema kwangu." Alitoka na Mungu. Na Paulo akiwa amefungwa minyororo anawaandikia Waefeso kwamba Mungu ametubariki kwa baraka zote za rohoni ndani yake Kristo, ametubariki, imeshatokea, alafu anazitaja: tumechaguliwa, tumefanywa wana, tumekombolewa, tumesamehewa, tumetiwa muhuri na Roho. Mfungwa ndiye anayeandika hivyo.

Kuna andiko moja ambalo sijui kwa nini hatulihubiri sana, Matendo 3:26, Petro anasema Mungu alimtuma mtumishi wake "ili kuwabarikia kwa kumwepusha kila mmoja wenu na maovu yake." Kuepushwa na uovu wako ndiyo kubarikiwa. Yule baba aliyeacha kumpiga mkewe, kijana aliyeacha kubet na pombe, mtu aliyerudisha hela aliyoiba, hao wamepata baraka ambayo Petro aliitaja kwa jina. Tukiwaita mbele watoe ushuhuda je, tunapiga vigelegele sawa na vile vya aliyepata kiwanja?

Na baraka inapita mdomoni pia. "Nawe uwe baraka," Ibrahimu hakupewa akae nayo. 1 Petro 3:9 inasema tusilipe baya kwa baya wala laumu kwa laumu, bali tubariki, kwa sababu hayo ndiyo tuliyoitiwa. Yakobo anashangaa mdomo mmoja unamhimidi Mungu alafu unawalaani watu waliofanywa kwa mfano wake. Wazazi, mtoto akikosea usimwambie hutafika popote. Mkemee, mwadhibu ikibidi, lakini kabla hajalala mwekee mkono kichwani umwambie Bwana akubarikie na kukulinda. Yesu aliwakumbatia watoto akaweka mikono juu yao akawabariki, Marko 10, na hawakuwa wamefanya chochote cha kustahili. Hata alipopaa kule karibu na Bethania, Luka anasema aliinua mikono akawabariki, na ikawa katika kuwabariki alijitenga nao, maana yake jambo la mwisho walilomwona akilifanya ni hilo.

Nina ombi moja kwa uongozi wa hapa na nitakaa. Ile saa ya ushuhuda, wapeni nafasi na wale ambao bado hawajajibiwa. Mama asimame aseme nimeomba mtoto, bado, na Mungu hajaniacha. Mzee aseme mguu bado unauma lakini asubuhi nilipoomba nilijua yupo. Kanisa liseme amina kwa nguvu ile ile. Huo nao ni ushuhuda kamili.

Sasa tusimame. Tutaombeana wawili wawili hapo hapo ulipo, hakuna kuja mbele na hakuna bahasha. Mwangalie mwenzako, muulize jina kama humjui, muulize anapitia nini, usimpe ushauri, muombee hilo alilokutajia maana Mungu anajali na anajibu, alafu mtamkie yale maneno ya Hesabu 6 ukiwa unamtazama usoni. Kama kuna mtu yuko peke yake hana wa kuombeana naye anyooshe mkono, mimi nakuja.